Jaketi Lililochemshwa

Mtaa mzima ulimwita Jaketi, naye alilipenda jina hilo kama mtoto anavyopenda pipi. Alikuwa muuza vipuri vya magari, mfupi wa subira na mrefu wa maneno. Kwa miaka ishirini na miwili, kijibaridi kikipita tu, alitoka na jaketi lake la ngozi la rangi ya kahawia. Aliyelitunza jaketi hilo ni mkewe. Yeye mtaa haukumpa jina lolote.

Na jaketi lenyewe halikuwa la mume. Lilikuwa la baba wa mkewe, tarishi aliyepeleka barua kwa pikipiki maisha yake yote. Alipofariki, wanawe wa kiume waligawana pikipiki, redio na kitanda, kisha wakamrushia dada yao jaketi kwa sababu hakuna aliyelitaka. Lilinuka petroli na jasho. Yeye alilalia harufu hiyo mpaka alipoolewa. Siku ya tatu ya ndoa bwana harusi akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo kama jogoo, akasema, "Limenikaa." Likamkaa moja kwa moja.

Mke hakusoma, lakini ngozi aliijua kwa vidole. Alifuta kola kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, maana jasho la shingo hula ngozi. Kila baada ya miezi michache alipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta, akisugua kwa kiganja mpaka mishono ishibe. Msimu wa mvua alijaza magazeti mikononi ili ukungu usiingie. Alilitundika kwenye kitundikio kinene cha mbao, mbali na dirisha. Mwenye jaketi yeye alijua kulivaa na kulivua, na kulivua kwenyewe alilitupa kwenye kiti.

Aliwahi kujinunulia majaketi mengine, akiongozwa na macho yake mwenyewe. La kwanza jeusi, linang'aa kama kiatu cha askari. "Ngozi halisi hii," alisema. Mke aliligusa mara moja akarudi jikoni. Kabla mwaka haujaisha likaanza kumbambuka mabegani, magamba meusi yakaanguka kwenye sahani yake ya chakula. La pili lilikuwa jekundu, lina zipu kumi na moja. Watu wakamuuliza kama anauza zipu. Akalirudia la tarishi.

Halafu akampata karani mmoja wa ofisini, msichana wa kalamu na miwani. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni akamwambia mkewe, "Nimechoka kuishi na mtu asiyeweza kusoma hata kibao cha mlangoni." Maneno hayo aliyasema akiwa amevaa jaketi la baba wa mke huyo huyo.

Mke hakulilia godoro wala sufuria. Alimtuma mjomba wake akadai kitu kimoja. Mjomba alirudi mikono mitupu.

"Anasema ni lake. Tena anasema aliachiwa na baba yake mzazi."

"Baba yake?"

"Ndivyo anavyosema, mwanangu. Na mtaa mzima utamshuhudia. Nani amewahi kukuona wewe umelivaa?"

Hapo ndipo ilipomuuma. Kuachwa alikuzoea kabla hata hajaachwa. Lakini kumfuta marehemu kwenye jaketi lake, hilo hakulisamehe.

Alikuwa akifanya kazi kwa dobi, kwenye meza ya pasi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mzee mwenye duka ndiye aliyemfundisha alama za kwenye lebo za nguo. Zile ni picha, hazihitaji shule: pasi yenye nukta, duara, karai la maji. Karai lililokatwa kwa mistari miwili maana yake maji yasiguse.

Asubuhi moja, duka limejaa wateja, Jaketi akaingia na mfuko wa plastiki. Alikuwa amevaa sweta.

"Mama watoto," alianza kwa sauti ya kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, "hujambo?"

"Mama watoto wako mpya yuko wapi?"

"Ndiyo habari yenyewe. Amelifua jaketi. Alitaka kunifurahisha. Maji ya moto, sabuni ya unga, kisha akalianika juu ya bati. Sasa wewe unajua mambo haya..."

Alilitoa. Likasimama lenyewe kwenye kaunta, kavu kama ganda la mti, limejikunja. Mzee mwenye duka alivua kofia kana kwamba ameona maiti.

Mke alikunjua kola, akaweka kidole kwenye lebo. "Hii ni nini?"

"Lebo."

"Pana picha ya karai, limekatwa. Mimi nisiyejua kibao cha mlangoni nimeiona. Msomi wako alisoma wapi, kwenye chungu? Alidhani anachemsha supu?"

Wateja wakacheka. Jaketi akanyakua kitu chake ili kuonyesha kwamba hakijaharibika sana. Mkono wa kwanza uliishia kwenye kiwiko. Wa pili haukuingia kabisa. Akabaki katikati ya duka mikono imekwama, kama sanamu ya kutishia ndege, mpaka mzee akamsaidia kujinasua.

"Tupa!" alifoka, jasho likimtoka. "Limekufa hili. Tupa!"

"Nitupe urithi wa baba yako?"

"Baba yangu gani? Baba yangu alikuwa seremala, hakuwahi kuvaa jaketi hata siku moja! Ni hilo hilo gome la tarishi wenu, kaa nalo!"

Wateja wakageuka kumtazama. Mwenyewe alisikia alichosema wakati kimeshatoka.

"Mzee, umesikia?" mke aliuliza.

"Kwa masikio yote mawili. Na hawa wote wamesikia."

Jaketi alitoka bila kuaga.

Kwa wiki sita mke alilisugua kila jioni. Nta kidogo, mafuta kidogo, anakunja kiwiko taratibu, analiacha lipumzike. Halikurudi kama zamani. Mgongoni lina nyufa, na mkono wa kushoto hulia anapoinua pasi. Lakini maji ya moto yalikuwa yamelivuta kotekote, mabega na mikono. Alipolivaa kwa mara ya kwanza, zipu ilipanda mpaka kidevuni na mikono ikaishia pale pale kwenye vifundo vya mikono yake.

Sasa hupita nalo mbele ya duka la vipuri kila asubuhi ya baridi, taratibu, hana haraka. Yule bwana huwa ndani na sweta lake. Mtaa bado unamwita Jaketi, naye lazima aitike.