Katiyo ka Machozi

Docta niliyefanya naye kazi alikuwa bingwa wa macho. Mimi nilikuwa muuguzi wake. Wagonjwa wengi walitujia na jicho linalotoka machozi kutwa nzima, kwa sababu njia inayoyashusha puani imeziba. Mirija midogo ya kuizibulia, ambayo wagonjwa waliita katiyo, ilitoka Ulaya. Nchi ilipoanza kuanguka, ikakoma kufika.

Tukaamua kuitengeneza wenyewe. Tulichovya waya mwembamba wa shaba katika silikoni, plastiki laini ambayo mwili huivumilia, tukaikausha katika tanuri la kusafishia vyombo vya upasuaji, kisha tukauchomoa waya. Ya kwanza ilikatika kama tambi. Tulijaribu kwenye vichwa vya mbuzi kutoka kwa mchinjaji wa mtaa wa Naviundu, mpaka mmoja ukapita toka jichoni hadi puani bila kukwama.

Mtu wa kwanza kuwekewa alikuwa mama mmoja muuza samaki wakavu wa njia ya Kasomeno. Tulimwambia wazi kwamba hatujawahi kuuweka kwa mtu, na kwamba baada ya miezi lazima utolewe, naye akakubali. Wiki ya pili jicho lilikauka. Alimletea docta kuku, akamwita baba.

Kisha watu wenye asili ya mkoa wa jirani wakaanza kufukuzwa mjini. Docta alizaliwa hapa, lakini wazazi wake walitoka huko.

Asubuhi moja nilikuta umati ukitoa vitu nyumbani kwake. Mimi nilihesabiwa mtoto wa hapa, hakuna aliyenigusa. Mama yule alitoka mlangoni akiwa na godoro kichwani. Nilitazama lile jicho. Lilikuwa kavu, safi. Nilimwuliza anafanya nini.

“Docta alinisaidia, ni kweli,” akasema. “Lakini arudie kwabo.” Akanisogelea, sauti ikashuka. “Sasa hii katiyo iko mu jicho, ni nani atanitosha yo? Nani ataitoa?”

Niliketi pale pale kwenye mchanga, watu wakinipita na viti na masufuria.

Docta nilimpata stesheni, pamoja na mke wake, kati ya maelfu waliosubiri treni. Nilimweleza yote, hata godoro. Nilidhani atalaani.

“Ukate ule uzi wenye unashika katiyo mu kona ya jicho, uvute pole pole kupitia mu pua,” alisema. “Usiache hata kipande, itamuletea usaha. Kisha uangalie kama imepasuka. Tunapaswa kujua.”

Nilikasirika naye kuliko nilivyomkasirikia yule mama. Lakini siku mama huyo alipokuja nilimkalisha kwenye kiti, nikakata, nikavuta. Mrija ulitoka mzima, bila ufa.

Mama akapangusa pua. Akaniuliza kama docta alifika salama. Nikamjibu kwamba sijui, na ilikuwa kweli. Alikaa kitini kidogo, kana kwamba kuna jambo lingine la kuuliza, kisha akaenda sokoni.