Mume Wangu Ananipigia Hesabu za Sungura

Admin, jina langu usilitoe kabisa, maana mume wangu naye anaufuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, fundi cherehani, naishi Chamazi. Nimeolewa na nina binti mmoja mwenye ualbino.

Mume wangu anafuga sungura wa kuuza nyuma ya nyumba. Wateja wake wanapenda wenye mabaka, kwa hiyo kila dume na jike anajua wametoka tumbo gani na wanabeba rangi gani. Ukimgusa kwenye mambo hayo hanyamazi, chai inapoa.

Nilipojifungua, mama mkwe alimtazama mtoto akamgeukia mume wangu: "Kwetu hakuna mtoto wa hivi. Mwambie mkeo aseme ukweli." Nilikuwa bado nina mshono, nikalia mpaka nikashindwa kunyonyesha. Mume wangu hakugombana naye. Alimshika mkono akampeleka bandani, akamwonyesha dume jeusi, jike jeusi, na kitoto chao cheupe chenye macho mekundu.

"Mama, hili banda nafunga mwenyewe, hakuna dume lingine lililoingia. Weupe huu walikuwa nao wote wawili ndani, hauonekani tu. Na sie ndo hivyo hivyo. Mtoto ni wangu."

Mama mkwe aliniomba radhi, na tangu hapo tunaelewana. Wallahi, nilimpenda mume wangu siku ile kuliko siku ya ndoa.

Binti yetu sasa anasoma chekechea. Nikawa nikigusia mtoto wa pili, mume wangu anabadili mada. Juzi Jumapili nilimfuata bandani nikamuuliza waziwazi. Akajibu huku anamwaga majani, hata hakunitazama.

"Wale weusi si uliona niliwatenganisha? Wakikaa pamoja watanitolea tena weupe. Mie na wewe wote tumebeba. Siwezi kubahatisha."

"Kwa hiyo na mie unanihamisha banda?"

"Usichukulie hivyo, mama nanii. Wewe ni mke wangu, hutoki hapa. Ila mtoto mwingine nitazaa na mtu mwingine."

Kumbe huyo mtu yupo tayari, yuko Kigamboni. Mume wangu ameshamuuliza habari za mashangazi, wajomba na mababu, akaridhika kwamba ukoo wao hauna ualbino. Dini yetu inamruhusu mke wa pili, hilo silipingi. Kinachoniuma ni sababu. Angesema amempenda, ningelia yakaisha.

Na si kwamba hampendi binti yake. Yeye ndiye humpaka mafuta ya jua asubuhi, yeye ndiye humvalisha kofia, na jirani aliyewahi kumtania mtoto alikiona cha moto. Anasema hataki kuleta mwingine ateseke na jua na maneno ya watu. Nikimsikiliza namwelewa, halafu nikiwa peke yangu kwenye cherehani hasira zinanipanda mpaka nashona kombo.

Sasa jamani, mwezi huu sikuona siku zangu. Nimepima, nina mimba. Nesi kaniambia kila mimba ina bahati yake, na uwezekano wa kuzaliwa asiye na ualbino ni mkubwa zaidi. Mume wangu hajui. Naogopa kumwambia, maana najua ataanza kupiga hesabu usoni kwangu kabla hajasema hongera.

Jana tukiwa tunakula, binti yangu akasema: "Mama, nataka mdogo wangu mwenye nywele kama zangu, ili tufanane." Baba yake aliweka tonge chini, akanawa, akatoka nje. Mtoto akaniuliza, "Baba kakasirika?" Nikamwambia ameshiba.

Nimechoka kumdanganya mtoto. Kama wa pili akizaliwa kama yeye ni hasara, yeye wa kwanza ataambiwa ni nini akikua akajua kwa nini baba yake alioa tena? Nyie mliopitia ndoa, nielekezeni: nimwambie mume wangu hii mimba nisubiri atakachosema, au nimchukue binti yangu nirudi kwetu Masasi nikazalie huko, awe mweusi awe mweupe? Nifanye nini?