Karatasi Isiyo na Kichwa

Kwa miaka ishirini na miwili Najma ameweka cherehani yake kwenye kibaraza cha duka la vitenge la Madhuben, Kariakoo. Mwaka jana mafundi wa mtaa wa pili waliitwa mkutanoni, wakasaini mahudhurio, wakanywa soda. Baada ya wiki mbili walionyeshwa saini zile zile wakaambiwa wamekubali kuhama.

Leo ilikuwa zamu ya mtaa wake. Afisa wa manispaa alimaliza kusifia eneo jipya, nje kabisa ya mji, kisha akamkabidhi Najma karatasi kwanza. Afisa alijua Najma akisaini, mafundi thelathini watafuata. Juu ya karatasi palikuwa patupu.

“Bi Najma, andika jina tuwahi soda,” alisema Twaha, fundi wa suruali.

“Soda itakufuata huko huko utakakohamishiwa.”

Watu wakacheka. Afisa hakucheka.

“Mama, unatuchelewesha.”

“Karatasi yako haina kichwa, baba.”

“Kichwa nitaandika mwenyewe ofisini.”

Mgambo wawili waliosimama mlangoni mwa ukumbi waligeuka wakamtazama. Najma aliandika pale juu kwa herufi kubwa, akilisoma kila neno kwa sauti: MAHUDHURIO TU. HATUJAKUBALI KUHAMA. Chini yake akasaini jina lake kamili.

Afisa alinyoosha mkono aichukue. Twaha akamuwahi.

“Subiri kidogo, mkuu. Na mimi nimehudhuria,” alisema, akaomba kalamu.