Makande ya Jumapili

Daktari alitoka chumba cha kipimo akiwa amekunja uso. "Mama, mgonjwa amekula," aliniambia. "Si nilisema tangu jana jioni asile kitu?"

Nikawaka. Mume wangu hakuwa amekula. Nililala naye, nikaamka naye, nikatoka naye nyumbani Bombambili na tumbo tupu mpaka hospitalini. Isitoshe, mtu ambaye kila tonge linamrudi aibe chakula cha nini? Alikuwa amekonda mpaka suruali anaifunga kwa kamba. Akila husimama, huinua mabega, hushushia maji, na bado chakula hukwama kifuani kisha hurudi vilevile kilivyoingia. Vidonda vya tumbo tulishatibu tukachoka. Kikohozi cha usiku kilitupeleka kupima kifua kikuu, hakikuonekana. Tulibaki na hiki kipimo cha mpira wenye kamera, na majirani walishaanza kunisalimia kwa sauti ya msibani.

"Hajala," nilisema.

Daktari hakubishana. Alinionyesha kibakuli cha vitu walivyovuta kooni. Punje za mahindi, nzima kabisa, na maganda ya maharage. Makande.

Kwangu makande hayakupikwa wiki ile. Nikamgeukia mama mkwe, aliyefika jana yake kutoka Maposeni ili atusindikize. Mdomo wangu hauna breki. "Mama, umempa mwanao makande?"

"Nimempa, ndiyo. Jumapili, mlipokuja kwangu. Na wewe ulikuwepo, tumekula sahani moja."

"Leo Jumatano, mama."

"Najua leo Jumatano. Sijampa mengine."

Tulitazamana. Makande yangu ya Jumapili mimi nilishayasahau. Ya mume wangu yalikuwa bado kifuani, yamekaa tu, hata tumboni hayajafika! Nilishtuka. Daktari naye alishtuka, nilimwona. "Jumapili?" aliuliza tena, akavuta kiti akakaa.

Akaagiza apigwe picha huku akinywa dawa nyeupe, nzito kama uji. Picha tuliiona wote: njia ya chakula imetanuka kifuani kama mfuko, halafu chini, pale inapoingia tumboni, imebana na kuchongoka. Ugonjwa unaitwa akalasia, alisema. Si saratani. Njia ile imepoteza nguvu ya kusukuma chakula, na msuli wa mlango wa chini hautaki kulegea.

"Na hicho kikohozi," akaongeza, "ni chakula kinachopanda akilala na kuingia kwenye mapafu. Kingeweza kumuua kitandani."

Kitandani kwetu! Nami nalala pembeni yake nikidhani ni vumbi.

Alituandikia rufaa ya kwenda Dar es Salaam kwa upasuaji. Mama mkwe akaja juu, "Wamkate mtu aliyebaki mifupa?" Mimi pia niliogopa, sina haja ya kujifanya jasiri. Lakini nilishaona zile punje. Tukaenda.

Walimtoboa matundu madogo tumboni, wakaukata ule msuli. Daktari wa huko alituambia wazi kwamba nguvu ya kusukuma hairudi. Chakula sasa kitashuka kwa uzito wake, kwa hiyo ale polepole na asilale akishatoka kula.

Siku aliporuhusiwa uji, nilikaa karibu naye, beseni mkononi. Alimeza kijiko cha kwanza akatulia, kiganja kifuani, akingoja kirudi. Hakikurudi. Akameza kingine, na kingine, ameketi, mabega hajayainua. Bakuli likaisha. Akalikwangua kwa kijiko, kisha akaniangalia.

"Mama watoto," alisema, "nina njaa."

Tangu aanze kuugua sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nilikuwa nikidhani njaa ilishamtoka. Kumbe alikuwa nayo siku zote.