Nilisema mkongwe yule asichaguliwe, mume wangu akageuza maneno yangu

Admin, salamu kwako na kwa wote wanaosoma ukurasa huu. Nifichie jina, maana Wakenya wa huku tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mzaliwa wa Mombasa. Nafanya kazi kwenye kliniki ya tiba ya viungo hapa Riyadh, nawarudisha watu kwenye miguu baada ya kuumia. Mume wangu, nimwite Baba Nasra, yuko Jeddah, anasimamia ukumbi wa mazoezi kwenye makazi ya wafanyakazi wa kigeni. Mtoto wetu yuko kwa mamangu Mombasa. Tunaonana mara moja kwa miezi miwili mitatu, Mungu akijalia.

Wengine mtacheka mkisikia kilichotuvuruga. Ni mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mkononi. Bosi wa mume wangu ni Mmarekani, na yeye na wenzake wana mchezo wa fantasi: kila mmoja anajiundia timu kwenye simu kwa kuchagua kwa zamu wachezaji wa kweli, na hao wakicheza vizuri huko kwao, yeye anapata pointi. Bosi alimtaka Baba Nasra awe msaidizi wake. Mwenzangu hakuelewa kitu, akanipigia: "Mama Nasra, wewe ndiwe ujuaye misuli na magoti. Hebu nitazamie hawa watu."

Nikatazama. Nilianza kwa kumsaidia, nikaishia kuupenda. Nikitoka kazini naketi na simu, nawachunguza wapokeaji, yaani wale wanaokimbia mbele kurushiwa mpira. Naandika: huyu goti bado, huyu anarushiwa sana, mchukueni. Namtumia mume wangu, naye anampelekea bosi kama maneno yake mwenyewe. Nilijua. Akiniambia, "Leo bosi kaniita profesa," nilifurahi naye. Mume na mke ni kitu kimoja, ndivyo nilivyojiambia.

Kabla ya msimu uliopita bosi aliuliza kuhusu mpokeaji mmoja mkongwe, miaka thelathini na mitatu, ambaye bosi amempenda tangu mchezaji huyo akiwa kijana wa chuo. Kazi ile niliifanya wiki nzima. Nikaandika: mikono yake bado mizuri na ujanja anao, lakini msuli wa nyuma ya paja umeshamwangusha mara mbili, mbio zimepungua, na timu yake imeleta chipukizi atakayekula mipira yake. Asichaguliwe mapema. Akibaki mwishoni, achukuliwe awe wa akiba.

Baba Nasra akageuza. Akamwambia bosi mkongwe amepona kabisa, amchukue wa kwanza. Mimi sikujua. Msimu ukiwa bado mbichi yule mtu akaumia paja lilelile, na timu ya bosi ikaburura mkia hadi mwisho.

Mwezi jana nilikwenda Jeddah, na bosi akatualika chakula cha mchana Ijumaa. Tulipoketi tu akanitazama akicheka: "Kumbe wewe ndiye uliyeniharibia msimu!"

Sikuelewa. Mwenzake mmoja akadakia: "Mumeo ametwambia ule ushauri ulikuwa wako."

Nikamgeukia Baba Nasra. Alikuwa anakata nyama, hakuinua uso. Akasema, "Wanawake, bosi. Wanapenda watu wazima wenye sura nzuri."

Meza nzima ikacheka. Nami nikacheka. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi, kwamba nilicheka. Miaka miwili nilipopatia sikuwepo. Ilipoharibika ndipo nikatajwa.

Tuliporudi chumbani kwake, mtaa wa Ruwais, hata viatu sijavua, nikamuuliza, "Kwa nini uligeuza maneno yangu?"

"Bosi alitaka kusikia mtu wake ni mzima. Ningemwambia nini?"

"Nilichoandika."

"Mama Nasra, huu ni mchezo tu. Usiukuze."

"Kama ni mchezo, mpigie umwambie ukweli."

Akaketi kitandani. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka. "Mkataba wangu unaangaliwa sasa hivi. Kafili anayenidhamini anamsikiliza bosi. Akijua nilimdanganya, halas, kibali changu cha ikama hakihuishwi. Wataka nirudi Mombasa nikakae barazani na wewe uko huku?"

Nilimwonea huruma na hasira kwa pamoja.

Nimerudi Riyadh nikidhani yamekwisha. Juzi bosi akaniandikia mwenyewe. Katika mchezo wao, kila mtu anaruhusiwa kubaki na mchezaji mmoja wa timu ya zamani. Akasema: "Nakupa nafasi ya pili. Msimu ujao nimbakishe mkongwe wangu au nimwache?"

Nimeangalia video zake zote. Akigeuka, mguu wa kulia anauogopa. Atacheza, lakini wiki moja yupo na nyingine hayupo, na mipira sasa ni ya yule chipukizi. Jibu langu ni aachwe. Lakini Baba Nasra ananiambia, "Andika abakishwe. Ukisema aachwe, bosi atauliza mbona mwaka jana ulisema vingine." Dada ninayeishi naye, Mzanzibari aliyezaliwa hukuhuku, yeye anasema nimtumie bosi ule ujumbe wangu wa mwaka jana, mambo yaishe. Ujumbe ninao. Nimeufungua mara nyingi, kidole kinakataa.

Nikisema kweli, pengine nitakuwa nimemtoa baba wa mwanangu kazini kwa mkono wangu. Nikisema uongo, safari hii utakuwa uongo wangu mwenyewe, kwa jina langu, juu ya kazi niliyoisomea. Na nikinyamaza, bosi atamuuliza yeye, na Mungu ndiye ajuaye atanisingizia nini tena.

Bosi anataka jibu kabla ya Alhamisi. Leo Baba Nasra amepiga mara tatu, sijashika. Nimeandika jina la yule mchezaji tu, chini yake hakuna neno. Ninyi wenye ndoa, na ninyi mlio ugenini kama mimi, niambieni: hapa niandike nini?