Viti vya Kukodi

Shirika la umma nililofanyia kazi lilipofungwa, enzi zile za soko huria, nilipata kazi ambayo sikujua namna ya kuwaeleza watu wa kwetu Mungaa. Tulikuwa tunauza semina. Mwenye duka wa mjini Singida alipie kiti, aje ukumbini, afundishwe kukuza biashara. Mama aliponiuliza nauza nini hasa, nilimjibu, "Maarifa." Akataka kujua kama yanaoza.

Bosi wetu alitoka Dar es Salaam na alikuwa na haraka ya mtu aliyeacha maziwa jikoni. Kila asubuhi alitupanga mstari, tukapiga makofi na kupaza sauti kwamba leo ni leo, kisha tukatawanyika. Mimi nilipangiwa sokoni na kwa wakamua alizeti. Aliniambia wazi: nikiujaza ukumbi ananiajiri moja kwa moja, nisipoujaza nirudi kwetu nikachunge.

Kazi ile ilinifanya mtu wa kukimbiwa. Watu wakiniona kwa mbali, ghafla wanakumbuka kupanga magunia. Hata mama ntilie wangu, niliyemshawishi siku moja tu, tena kidogo, akawa ananiwekea sahani na kuondoka bila neno. Jioni nilirudi chumbani Unyambwa nikawasha redio, ili angalau pawe na mtu anayeongea. Upweke ule uliniuma kuliko njaa, na njaa ya siku zile naijua.

Lakini walikuwa wakinikubalia! Nikikazana, mzee wa mashine ya alizeti anasema, "Haya kijana, nitakuja, nitalipia hapohapo mlangoni." Muuza vitunguu naye, "Nitakuja." Fundi cherehani, "Nitakuja, Mungu akipenda." Nimelelewa hukohuko. Najua kwamba kwetu mtu aliyesimama mlangoni kwako humwambii hapana usoni. Unamwambia utakuja, naye anaondoka na heshima yake. Nilijua yote hayo, ila haraka ya bosi ilikuwa imeshaniingia mwilini. Nikamwambia akodi viti vya ukumbi mzima.

Siku ilipofika nilisimama mlangoni na tai ya kuazima tangu asubuhi. Hakutokea mtu. Bosi alizunguka katikati ya viti, akivinyoosha vilivyokwisha kunyooka.

Jua lilipokuwa kali akaingia mama yangu, amejifunga kitenge chake cha kanisani, jogoo kwapani. Kondakta wa basi la kwetu alikuwa amemwambia kwamba nina shughuli kubwa mjini, na mama si mtu wa kuacha mwanawe afanye shughuli bila ndugu. Akakaa kiti cha katikati, akageuka huku na huku.

"Watu wako wako wapi?"

"Wanakuja, mama."

Bosi, nisimnyime haki yake, alimwamkia vizuri. Kisha, sijui kwa ukaidi au kwa kuchanganyikiwa, akaanza semina. "Mama, ni kitu gani kinakuzuia kufika unakotaka?"

"Basi, baba," mama akamjibu. "La saa nane likiniacha, nitalala stendi."

Nilicheka. Bosi akakunja karatasi zake, akaniambia kwa upole kwamba kesho nisihangaike kuja. Afadhali angefoka.

Nilimsindikiza mama stendi. Akanikabidhi jogoo, nimchinje nile na majirani. Nilimpokea, ingawa sikuwa na jirani hata mmoja wa kumwita mezani. Alipokwisha kukaa dirishani alinitazama na tai yangu.

"Sasa kazi ndiyo imekwisha. Utakuja nyumbani?"

"Nitakuja, mama."

Akaniangalia kwa huruma. "Haya, mwanangu," akasema, akavuta kioo.

Hakuniuliza lini.