Vyura wa Jumamosi

Ngazi za kituo cha redio zilikuwa zilezile, ila magoti ya Bi Chura ndiyo yaliyoasi. Alipanda akishika ukuta, akapumzika, akapanda tena, huku akimlaani chinichini aliyeamua studio iwe ghorofani. Na jina hilo si tusi, msije mkanielewa vibaya. Mji mzima ulimwita hivyo kwa mapenzi, maana kipindi chake cha wanyama na ndege kilifunguliwa kila Jumamosi asubuhi kwa kelele za vyura wa bwawa lililo nyuma ya kituo. Vyura kwanza, kisha sauti yake nzito: "Haya jamani, majirani zetu wameshaamka."

Aliingia redioni kama mpiga chapa. Siku moja mtangazaji hakutokea, akasukumwa mbele ya kipaza sauti aseme lolote lile. Akaeleza habari za mbayuwayu waliokuwa wakijenga dirishani, jinsi mume na mke walivyogombana juu ya donge la tope. Watu walicheka, wakapiga simu wakitaka kujua kama wawili hao wamepatana. Basi ndiyo ikawa kazi, mpaka nywele zikageuka nyeupe. Na aliifanya, asiyekubali aseme! Watoto waliacha kuwapiga bundi mawe kwa sababu Bi Chura alisema bundi mmoja ana faida kuliko paka wako mvivu anayelala kwenye kochi. Muuza nyama mmoja aliingiliwa na kenge buchani, akaacha wateja wamepanga foleni, akampigia simu yeye kwanza aulize afanyeje.

Lakini kupendwa nako kunachosha. Watu walimsalimia njiani kwa kulia kama fisi, naye akacheka kwa adabu, akafika nyumbani akavua viatu na kumwambia mdogo wake, "Wananipenda mimi. Miti wanaikata."

Mdogo wake, mjane aliyekuwa akiishi naye, hakuinua hata macho kwenye cherehani. "Basi pumzika, dada. Umeongea vya kutosha."

Na kweli alikuwa anapumzishwa. Meneja mpya alitaka saa ile iwe ya mpira, na kilikuwa kimebaki kipindi kimoja tu. Hilo alishalimeza. Lililomkaa rohoni lilikuwa bwawa. Halmashauri ilitaka kulifukia ijenge maegesho ya magari, na Jumatatu ungefanyika mkutano wa mwisho wa wakazi. Wasipokwenda watu, bwawa ndiyo basi tena. Kwenye mkutano wa kwanza walitokea watu wanne, na mmoja wao alikuwa amekosea mlango.

Akakata shauri kumfuata jirani yake, mwenye duka la vyombo vya plastiki, msikilizaji wake wa tangu enzi hizo.

"Jirani, mbona hukuja mkutanoni?"

"Aa, Bi Chura, nawe unajitia presha bure! Wakifukia huku, watahamia kule. Vyura wamejaa tele. Si tunawasikia kila Jumamosi?"

Hapo ndipo Bi Chura alipokumbuka. Kelele zile zilirekodiwa mwaka wake wa kwanza kwenye kipindi. Fundi mitambo alizihamisha kutoka kanda kubwa hadi kaseti, kutoka kaseti hadi kompyuta, kila mara akizisafisha, mpaka vyura wale wakawa wanalia vizuri kuliko vyura wenyewe. Watu walilala usingizi wa pono wakijua bwawa ni zima, kwa sababu redio ilisema hivyo. Nani redio? Yeye! Mtu aliyejimaliza akiwaambia watazame, ndiye aliyewaambia kila Jumamosi kwamba hakuna haja ya kutazama.

Ijumaa jioni, mvua ilipokatika tu, alimvuta fundi wakashuka nyuma ya kituo na kinasa sauti. Zamani, baada ya mvua kama ile, ungelazimika kumpigia mwenzako kelele sikioni ndipo akusikie. Walisimama matopeni kati ya matairi na chupa za plastiki. Mbu walikuwepo, tena kwa fujo. Gari lilipiga honi barabarani. Chura, hakuna hata mmoja.

"Labda tumewahi, Bi mkubwa," fundi alisema.

Wakangoja, wakangoja, hadi miguu ikamfa ganzi. Bi Chura alilia palepale, kilio cha mtu aliyechoka, kisicho na sauti. Fundi akajifanya anakunja waya.

Kesho yake asubuhi, saa ya kipindi ilipogonga, alimwambia fundi aweke waliyorekodi jana. Mbu, matone, honi, basi. Meneja aliingia mbio.

"Mitambo imekufa?"

"Mitambo mizima, bosi," fundi alimjibu.

Simu zikaanza kulia. Wa kwanza alikuwa jirani mwenye duka, na fundi akamrusha hewani.

"Bi Chura, leo mmesahau kuweka vyura."

"Hatukusahau. Hilo ndilo bwawa lenyewe, jana jioni, baada ya mvua."

Mji mzima ukamsikia jirani akizima redio yake ya dukani. Kisha akauliza polepole, "Waliondoka lini?"

Angeweza kuwatolea uvivu wote siku ile, na alikuwa na kila haki. Lakini nguvu hizo angezitoa wapi?

"Sijui, jirani," alisema. "Hata mimi nilikuwa nawasikiliza redioni."

Jumatatu viti havikutosha. Jirani alibeba vingine kutoka dukani kwake, akampa Bi Chura cha kwanza bila kumtazama usoni. Watu walipiga kelele mpaka halmashauri ikaahirisha kufukia, ikaahidi kuzoa takataka. Imeahirisha tu, msishangilie. Meneja naye alipoona simu zilivyomiminika, aliacha dakika moja ya bwawa kabla ya mpira, na kila Ijumaa jioni fundi hushuka kuirekodi upya.

Bi Chura hapandi tena zile ngazi. Jumamosi hukaa jikoni, redio mezani, mkono juu ya goti linalouma. Mbu, matone, honi.

"Zima, dada, hakuna kitu," mdogo wake humwambia.

"Ngoja iishe."

Huisikiliza yote, mpaka mwisho. Mpira ukianza, ndipo anapozima.